Mshono wa tumbo ulifumuka. Je, nikatwe tena?

*Shikamoo daktari. Nina miaka 38, mama wa watoto watatu, wawili wa mwisho nilijifungua kwa upasuaji. Miezi saba iliyopita nilisafiri nje ya nchi kufanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo. Siku ya sita asubuhi walinitoa mpira wa kutolea maji, jioni nikapanda ndege kurudi Dar es Salaam. Wiki ya pili tumbo likajaa maji, yakavutwa kwa sindano mara nne. Kisha ngozi ya katikati, chini ya kitovu, ikawa nyeusi, ikafa, mshono ukafumuka. Nilisafishwa kidonda miezi miwili mpaka kikafunga. Sasa nina kovu pana, jeusi, linawasha, na upande wa kushoto limepanda juu kuliko kulia. Pembeni kiunoni ngozi imejikunja kama masikio. Kitovu kimekwenda upande. Tumbo la chini bado limetokeza, jioni ndiyo zaidi. Kuna pia katundu kadogo upande wa kulia wa kovu, kanatoa majimaji kila baada ya wiki mbili tatu halafu kanakauka, ila hakaumi. Mama mkwe anasema yote haya ni kwa sababu niliwahi kula maharage na mayai. Nimempata daktari hapa mjini anayesema atanirekebisha mwezi ujao kwa nusu bei, kazi ya nusu saa. Mume wangu anasema nibaki nilivyo, na uzazi hatujafunga. Je, nikatwe tena? Na mara ya pili ni hatari zaidi ya mara ya kwanza?*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Umeniandikia mistari mingi juu ya kovu na mstari mmoja tu juu ya katundu kanakotoa maji. Mimi nitaanza na katundu, kwa sababu ndiko kanakoamua mengine yote. Mpaka kajulikane kanatoka wapi, mtu asikuguse kwa kisu mwezi ujao, awe wa nusu bei au wa bei kamili.

Kidonda kilichopona kweli hakirudi kutoa maji. Kinachofunga na kufunguka, kikafunga na kufunguka tena, kina kitu ndani kinachokikatalia. Kwa mtu aliyekazwa tumbo, mara nyingi kitu hicho ni uzi. Misuli ya tumbo hushonwa kwa uzi imara, na madaktari wengi hutumia ule usioyeyuka. Mwili unaweza kuukataa uzi huo kama unavyokataa mwiba, ukautengenezea njia ya kutokea. Hapo dawa ni kuutafuta na kuutoa, mara nyingi kwa ganzi tu. Jambo la pili ni mfuko wa maji. Majimaji yaliyovutwa mara nne yanaweza kuwa hayakuisha. Yakikaa muda mrefu, mwili huyazungushia utando laini kama wa puto, na mfuko wa namna hiyo ukivutwa kwa sindano leo, wiki ijayo umejaa tena, kwa sababu kuta zake hazishikani. Kinachoumaliza kwa kawaida ni kuukata mfuko wenyewe utoke.

Jambo la tatu ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu. Kuna bakteria walio ndugu wa mbali wa wale wa kifua kikuu, wanaoishi kwenye maji na udongo. Wakiingia kwenye kidonda cha upasuaji, kwa vyombo au maji yasiyo safi ipasavyo, huweza kukaa kimya wiki nyingi, hata miezi. Kisha hutokeza vinundu na vitundu vinavyotoa maji, mara nyingi bila homa na bila maumivu makubwa, na dawa za kawaida za vidonda haziwashughulishi. Mwaka 2013 na 2014 wagonjwa kadhaa walirudi Marekani na vidonda vya aina hiyo baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika, na CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilipofuatilia ilimkuta mmoja wa bakteria hao, aitwaye Mycobacterium abscessus.

Huku kwetu tatizo hili lina mtego wake. Bakteria hawa wakiangaliwa kwa darubini huonekana sawasawa na wa kifua kikuu, na mgonjwa huweza kuanzishiwa dawa za TB ambazo huyu abscessus hazimwui. Kwa upande mwingine, kipimo cha GeneXpert kinamtafuta wa TB peke yake, kwa hiyo kikitoka hasi mgonjwa huambiwa hana kitu. Kinachotakiwa ni kipande kidogo cha nyama kutoka ndani ya katundu, si kufuta juu kwa pamba, kipelekwe maabara kioteshwe, na kwenye fomu iandikwe wazi kwamba wanatafutwa bakteria wa jamii ya TB ambao si TB. Bila maneno hayo, maabara wanaweza kuotesha siku mbili tatu kama kidonda chochote na kukitupa. Akipatikana, tiba ni dawa zaidi ya moja kwa miezi, pamoja na kusafisha ndani. Sisemi wewe unaye. Uzi au mfuko wa maji ni jambo la kawaida zaidi. Ninachosema ni kwamba kushona nyuzi mpya juu ya sehemu yenye bakteria hao ni kuwasambaza kwenye tumbo zima.

Sasa tuje kwenye lile lililokuumiza zaidi: kwa nini ngozi ilikufa?

Ngozi ya tumbo hupata damu kwa njia mbili. Kuna mishipa midogo inayochomoza kutoka kwenye misuli iliyo chini yake, na kuna mishipa inayokuja kutoka pembeni, mbavuni na kiunoni. Ili daktari aivute ngozi na kuikaza, lazima aibandue kutoka kwenye misuli, kuanzia chini kwenye kinena kupanda hadi karibu na mbavu, na katika kubandua anakata ile mishipa ya chini. Tangu hapo ngozi ya katikati inaishi kwa damu ya pembeni. Waliokulia Kilimanjaro nikiwaelezea kwa mfano wa mfongo, ule mfereji wa kumwagilia migomba, hunielewa mara moja. Maji yanatoka juu, yanapita kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha huyu na cha yule, na mgomba wa mwisho kabisa ndio unaoambulia matone. Mgomba wa mwisho kwenye tumbo lililokazwa ni pale katikati chini ya kitovu, juu tu ya mshono. Ni palepale ngozi yako ilipofia.

Kila kinachopunguza maji mfongoni kinaugusa mgomba ule kwanza. Ngozi ikivutwa mno, mishipa hunyooka na kubanwa. Mafuta yakinyonywa sana kwenye ngozi ileile iliyobanduliwa, mishipa iliyobaki huumia. Sigara na shisha huikaza mishipa. Kisukari kisichodhibitiwa huiharibu taratibu. Mkanda wa tumbo uliofungwa kwa nguvu zote, kwa imani kwamba ukibana zaidi tumbo litalala zaidi, hukamua damu kutoka mahali pasipo na akiba. Na maji yaliyojaa chini huisukuma ngozi kwa ndani na kuutanua mshono. Wewe maji yalitangulia, kisha ngozi ikafa; mpangilio huo una maana, na daktari wako wa pili lazima ausikie.

Maji yenyewe hutokea kwa sababu ngozi na misuli vilivyotenganishwa vinasuguana kila unapotembea, na mirija midogo iliyokatwa inaendelea kuvuja. Mpira huachwa mpaka maji yapungue, na wengi wetu tunasubiri yawe chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24. Kama asubuhi ile ulikuwa bado unatoa zaidi ya hapo, ulitolewa mapema. Na kwa ndege, Huduma ya Afya ya Uingereza huwashauri wanaokazwa tumbo wasubiri siku 7 hadi 10, hasa kwa kuogopa damu kuganda miguuni. Wewe ulisafiri siku ya sita, ukakaa saa nyingi umejikunja kitini, huna mpira, na huna daktari aliyekupasua karibu. Tarehe ile hukuichagua wewe, kwa hiyo ondoa lawama hiyo moyoni.

Ondoa na ya maharage. Mama mkwe anakupenda, na anasema alichosikia kwa waliomtangulia, lakini maharage hayaleti usaha wala mayai hayafumui mshono. Kidonda hujengwa kwa protini. Hudhuria kliniki yoyote ya vidonda utawaona: mama ana kidonda kisichofunga wiki ya tano, ukimwuliza anakula nini anasema uji na chai ya rangi, maharage ameacha, dagaa ameacha, samaki ameacha, anaogopa usaha. Tunamrudishia chakula, na kidonda kinaanza kupata wekundu mzuri. Kama utapasuliwa tena siku moja, mayai na maharage ni sehemu ya maandalizi yako.

Kuhusu kovu. Miezi saba kwa kovu ni uchanga. Wekundu au weusi, kuwasha, ugumu unaousikia ukiligusa, hayo ni dalili za kazi inayoendelea ndani, na kazi hiyo huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Lako lilifunga kwa kujaza nyama taratibu badala ya ngozi kukutana na ngozi, ndiyo maana ni pana. Watu watakuambia ni keloidi. Itazame hivi: keloidi huvuka mpaka wa kidonda na kuvamia ngozi yenye afya iliyo jirani. Kovu lililonenepa tu hubaki ndani ya mpaka wake. Umejifungua mara mbili kwa upasuaji. Kama makovu yale yalilala vizuri, na matundu ya masikio hayakuwahi kukuotea nundu, basi kuna uwezekano mkubwa ngozi yako si ya keloidi. Hilo ni jambo jema, kwa sababu keloidi ikikatwa peke yake, bila sindano au mionzi kufuatia, hurudi mara nyingi sana, na pengine kubwa kuliko ya kwanza.

Kwa miezi hii ya kusubiri una la kufanya, isipokuwa karibu na katundu. Karatasi za silikoni, zikivaliwa saa 12 au zaidi kwa siku kwa angalau miezi mitatu, husaidia kulilaza kovu na kupunguza kuwasha. Kulikanda kwa vidole na mafuta ya kawaida, dakika chache asubuhi na jioni, hulilegeza pale liliponasa. Likiwa limenenepa, sindano za steroidi ndani ya kovu kila wiki nne hadi sita hulipunguza, ingawa huweza kuacha weupe au ngozi nyembamba, kwa hiyo zipigwe na aliyezoea. Ndimu, dawa ya meno na krimu za kung'arisha zinazouzwa bila jina kaa nazo mbali. Na usiweke chupa ya maji ya moto tumboni. Ngozi ya chini ya kitovu hupoteza hisia kwa miezi, hata zaidi ya mwaka, na mtu huungua bila kujua.

Masikio ya pembeni ndiyo rahisi kuliko yote. Hutokana na ngozi iliyozidi mwisho wa mshono, mengine hulala yenyewe, na yasipolala hukatwa kwa ganzi na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Labda hiyo ndiyo kazi ya nusu saa uliyoambiwa. Kitovu nacho, ujue kwamba watu wengi ambao hawajawahi kuguswa kisu hawana kitovu kilicho katikati kamili. Kikiwa kimekwenda kidogo kivumilie, kwa sababu kukihamisha kunaongeza kovu jingine.

Tumbo la chini lililotokeza ndilo ningetaka kuliona kwa macho. Jaribu hivi nyumbani: lala chali, kunja magoti, weka vidole katikati juu na chini ya kitovu, kisha inua kichwa kama unayetaka kuamka. Vidole vikizama kwenye bonde na pembeni misuli ikakaza kama kingo mbili, huenda ule mshono wa misuli umeachia. Ukisikia kinundu kinachochomoza ukikohoa na kurudi ukilala, hiyo inaweza kuwa ngiri, nayo ni habari nyingine kabisa. Gonga upande mmoja wa uvimbe ukiwa umeshika upande wa pili. Ukisikia wimbi, kuna maji. Na kama hakuna lolote kati ya haya, tumbo linasukumwa kutoka ndani, na mafuta yanayozunguka utumbo au gesi ya siku nzima. Unaposema jioni huzidi, nafikiria zaidi misuli na gesi kuliko mfuko wa maji, ambao haujali saa. Mafuta ya ndani hayafikiwi na upasuaji wa ngozi, akukate bingwa gani. Ultrasaundi ya ukuta wa tumbo itatenganisha mengi ya haya.

Umeuliza kama mara ya pili ni hatari zaidi. Jibu la kweli lina pande mbili. Upande mmoja, ngozi yako imeshazoea kuishi kwa njia mpya za damu, na marekebisho mengi hayahitaji kuibandua tena kama mara ya kwanza. Kukata kovu na kuunganisha kingo zake ni kazi ndogo kuliko ile uliyopitia. Upande wa pili, hakuna tena ngozi ya ziada. Simama mbele ya kioo, bana ngozi ya juu ya kovu kwa vidole viwili, ishushe taratibu kuelekea kinena. Isiposhuka kwa ulaini, kovu pana likikatwa leo litashonwa kwa nguvu, na mshono wenye mvutano hutanuka au hufumuka, tena palepale kwenye mgomba wa mwisho. Au kinena kitavutwa juu, ubaki na tatizo ambalo hukuwa nalo. Kwa hiyo swali la hatari linategemea mambo mawili: je, sababu ya mara ya kwanza imejulikana, na je, ngozi imelegea ya kutosha?

Kwa hayo, jibu langu kwako ni hapana kwa sasa, na labda baadaye. Katundu kachunguzwe na kumalizwa sasa hivi. Marekebisho ya sura yasubiri angalau mwaka mmoja tangu upasuaji wa kwanza, maana yake si chini ya miezi mitano kutoka leo, na ningependa zaidi. Uzito uwe umetulia miezi sita. Wingi wa damu na sukari vipimwe. Kama kuna sigara au shisha, iachwe angalau wiki nne hadi sita kabla, na baada ya hapo pia. Na kuhusu uzazi: kama mtoto wa nne yupo kwenye mawazo yenu, mpateni kwanza. Kwa kawaida mwanamke aliyekazwa tumbo hushika mimba na kujifungua salama, lakini misuli na ngozi vitatanuka tena, na kila shilingi mtakayoweka sasa itakwenda na mimba hiyo.

Kwa huyo daktari wa nusu bei, mwulize bila aibu. Amekagua lile katundu? Anadhani ngozi ilikufa kwa nini? Atakata wapi hasa, akuchoree kwa kalamu tumboni mwako ukiwa umesimama. Mshono ukifumuka tena, nani anakusafisha na kwa gharama ya nani? Jina lake lipo kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika kama bingwa wa upasuaji rekebishi? Huduma hiyo ipo pia katika hospitali za umma, Muhimbili na Mloganzila, na hata kama hutapasuliwa huko, maoni ya pili hayana deni. Mtu aliyekuahidi tarehe kabla ya kukuvua na kukugusa tumbo, mimi nisingemkabidhi dada yangu.

Iandikie hospitali ya kule pia, leo. Omba taarifa kamili ya upasuaji: walibandua ngozi mpaka wapi, walinyonya mafuta wapi, walitumia uzi gani kwenye misuli, kama waliweka wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo. Ni haki yako, na bila karatasi hiyo daktari yeyote anayefuata anaingia gizani.

Usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona homa, wekundu unaosambaa, usaha, au vitundu vingine vinafunguka. Kadhalika kinundu cha tumbo kikigoma kurudi ndani na kuuma pamoja na kutapika. Na ukikosa pumzi ghafla, kifua kikachoma, au shavu la mguu mmoja likavimba na kuuma, iwe sasa au baada ya upasuaji wowote utakaofanyiwa, hapo kila dakika ni muhimu.

Mume wako anaposema ubaki ulivyo, nadhani ana kumbukumbu ya miezi miwili ya kubadilisha bandeji, nawe unayo. Mkalishe umwambie unachokiona ukivua nguo, kwa sababu huenda anadhani unalilia urembo, kumbe unaulilia mwili uliokwenda nao ukarudi na mwingine. Marekebisho yakifanikiwa yatakupa kovu jembamba zaidi na lililo sawa pande zote, tumbo lililotulia, pembeni palipolala. Hayatakupa tumbo lisilo na kovu. Wapo wanawake waliosubiri mwaka, kovu likafifia, wakaona kilichobaki wanaweza kuishi nacho. Wapo waliorekebishwa wakafurahi. Uamuzi ni wako, ukiwa na majibu mkononi.

Wiki hii, basi: ultrasaundi ya ukuta wa tumbo, na kipande cha nyama kutoka kwenye katundu kikiwa na yale maneno kwenye fomu. Katundu kakianza kutoa maji usikafute ukakasahau. Kapige picha, andika tarehe, uende siku hiyo kachunguzwe kakiwa wazi. Majibu yakitoka niandikie tena, uniambatanishie na ile taarifa ya upasuaji.